Kidole cha Sikudhani Juu ya Kioo

Jina la nchi yenyewe sitalitaja. Si kwamba naogopa, la hasha, mimi ni jasiri sana nikiwa mbali. Ni kwamba kule jina la nchi hutajwa kwa ruhusa, ruhusa huombwa kwenye Kioo, na kitufe cha kuombea ruhusa hiyo ni kidogo kuliko punje ya ulezi. Nilipita huko safari moja, nikajaribu kukigusa, nikajikuta nimeomba kujengewa josho la ng'ombe. Ng'ombe sina. Kwa hiyo tuiite tu nchi hiyo, inatosha.

Basi serikali ya nchi hiyo ilikuwa imehamia ndani ya Kioo. Ofisi zilifungwa, madirisha ya kuhudumia watu yakazibwa kwa matofali, na maofisa wakaachwa kwenye viti vyao wapumzike. Kila wilaya ikajengewa ukumbi mmoja, na ndani ya ukumbi kikasimamishwa Kioo kimoja kikubwa kama mlango wa ghala. Raia mwenye shida ya maji, cheti, mbolea au nafasi ya kaburi anakwenda, anagusa kwa kidole, anapata. Hakuna tena njoo kesho. Hakuna tena bosi katoka kidogo. Wafadhili walikuja wakakiona, wakapiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu.

Tatizo, kama tunaweza kuliita tatizo, lilikuwa picha. Sheria ya kwanza ya Kioo ilisema kwamba juu yake pakae picha ya Baba wa Mwanga, ambaye ndiye rais, na amekuwa rais tangu wengine wetu hatujaota meno. Kila sikukuu yake ya kuzaliwa bunge lilimpa zawadi ya kuikuza ile picha kidogo. Wapo wabunge walioona aibu kupendekeza kidogo, wakapendekeza sana. Picha ikashuka kutoka shingoni hadi kifuani, kutoka kifuani hadi magotini, na vitufe vya wananchi vikisukumwa chini, vikibanwa, vikipunguzwa, mpaka wakati wa habari hii huduma zote za nchi nzima zilikuwa zimepangwa kwenye upindo wa suruali ya Baba kama chawa kwenye mshono. Kuigusa picha yenyewe lilikuwa kosa la jinai, na kosa hilo liliitwa kumtia Baba kidole.

Watu wakawa wanakosea, bila shaka. Mzazi anaomba cheti cha kuzaliwa cha mtoto anapewa kibali cha kuzika, na kwa kuwa huduma ikishatolewa hairudishwi, anakipokea, anashukuru, anakiweka chini ya godoro. Mwalimu mmoja aliomba chaki akateuliwa nahodha wa meli. Nchi haina bahari. Mpaka leo mwalimu yule anapata posho ya mawimbi na watoto wanaandika kwa mkaa.

Msidhani serikali ilikaa kimya. Iliunda Wizara ya Vidole. Wizara ikafanya uchunguzi wa kina, ikasafiri nje kujifunza, ikarudi imenenepa, ikatangaza kwamba vitufe havina kasoro yoyote. Wenye kasoro ni vidole vya wananchi, ambavyo vimeachwa muda mrefu vikue ovyo bila usimamizi.

Hayo yote Sikudhani aliyasikia kama wote tunavyosikia mambo ya serikali, kwa sikio moja, mikono ikiwa kazini. Kazi yake ilikuwa kubangua korosho. Asiyeijua kazi hiyo na aijue sasa: ganda la korosho lina mafuta yanayounguza, na mbanguaji wa miaka mingi vidole vyake huwa vyeusi, vinene, vimevimba nchani, na ngozi yake imekuwa ngumu kama kisigino. Mistari ya vidole ilikwisha kumfutika zamani. Jioni mumewe, Machumu, alikuwa na kawaida ya kumpaka mafuta ya nazi, kidole kimoja kimoja, huku akimtania: "Vidole vya mke wangu hivi hata polisi hawavisomi." Naye Sikudhani hucheka, anamnyang'anya mkono, kisha anamrudishia mwenyewe.

Machumu alikuwa mfugaji wa kuku. Mwaka huo ugonjwa wa mdondo ukaingia mjini, kuku wakaanza kusinzia na kupinda shingo, naye akaenda kwenye Kioo kuomba chanjo. Kitufe cha chanjo ya kuku kilikuwa jirani na kitufe cha kugombea urais. Hiki cha kugombea kiliwekwa kwa ajili ya wafadhili. Waliuliza kama kipo, wakaonyeshwa kwa lenzi, wakaandika kwamba kipo. Kilifanywa kidogo kuliko vyote, na tangu kiwekwe hakuna aliyewahi kukipata, ingawa mimi sina hakika ni wangapi walikitafuta na sasa wanaishi wapi. Machumu alikipata kwa mguso wa kwanza.

Kioo kilikuwa na sauti, sauti ya mwanamke mpole, iliyowekwa kwa ajili ya wasioona. Lakini isingekuwa adabu kwa sauti hiyo kutaja neno lolote kabla ya kumtaja Baba. Kwa hiyo ilianza, kama ilivyoanza siku zote: "Kwa hisani ya Baba wa Mwanga, Mlezi wa Mvua, Mshindi wa Chaguzi Zilizopita na Zijazo, Fundi wa Amani," ikavuta pumzi, halafu ikasema, "hongera, mgombea."

Foleni nzima ikakumbuka kwamba imeacha sufuria motoni. Machumu akabaki peke yake ukumbini. Alikiomba Kioo radhi, akakieleza kwamba yeye ana kuku tu, tena wagonjwa, na urais hauwezi hata kidogo. Kioo kikamtakia kampeni njema. Walimchukua kabla hajafika nyumbani, na kuku wakafa wote juma hilo hilo.

Sikudhani alihangaika. Alikwenda kituo cha polisi wakamwambia aulize gereza, alikwenda gereza wakamwambia aulize Kioo, aliuliza Kioo akapewa ratiba ya gwaride. Alikuwa hali, halali, korosho zimemwagikia uani hazina mtu. Ndipo siku moja akaja mwenyewe Afisa Kioo wa Wilaya, Bwana Tegemeo, mtu msafi, mnene kiasi, mwenye tabia ya kupangusa kiti kabla ya kukikalia na baada ya kukinyanyukia.

"Mama, nimekuja na habari njema," alisema. "Serikali haitamhukumu mumeo."

Sikudhani alishika nguzo ya mlango asianguke.

"Serikali haimhukumu mtu yeyote," akaendelea Bwana Tegemeo. "Sisi ni watekelezaji tu. Hukumu ya mgombea tumeiachia familia, maana nani anamjua mtu kuliko mkewe? Utafika kwenye Kioo siku ya Alhamisi. Utakuta vitufe viwili vya mumeo, viko pamoja. Kimoja kimeandikwa ARUDI. Kingine kimeandikwa ASIRUDI. Utagusa kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia, mara moja tu. Mara ya pili ni kumtia Baba kidole."

"Asirudi aende wapi?"

"Hilo halijaamuliwa."

"Ataamua nani?"

Bwana Tegemeo akamtazama kwa huruma, kama mtu mzima aliyeulizwa na mtoto mvua imetumwa na nani. Hapa lazima niwaeleze, maana wageni huwa hawaelewi: katika nchi hiyo hakuna ofisa aliyewahi kuamua jambo lolote. Ni mwiko. Ofisa anayeingia kazini anaapa, mkono juu ya Kioo, kwamba atatekeleza, atafuatilia, atalichukua, atalifanyia kazi, na kamwe hataamua. Wamefuzu mno. Hata hiyo siku Sikudhani alipomuuliza kama chai aitie sukari, Bwana Tegemeo alijibu, "Kadiri itakavyoonekana inafaa," akainywa chungu.

Mama yake Machumu, Bi. Somoe, alikuwa amekaa nyuma ya pazia akisikia yote. Afisa alipoondoka akatoka. Wawili hao hawakuwa na mapenzi. Waliishi pamoja kwa heshima ya mtu mmoja, na mtu huyo sasa hakuwepo.

"Kwa hiyo mwanangu yuko kwenye ncha ya kidole chako," alisema.

"Ndivyo walivyosema, mama."

"Na kidole chenyewe nakijua. Kwa kidole hicho, binti wa watu, hata uzi kwenye sindano huwezi kutia, unakuja kuniomba mimi na macho yangu haya. Waambie watumie changu. Mimi ndiye niliyemzaa."

"Umemsikia mwenyewe, mama. Wanataka cha mke."

Bi. Somoe alilirudisha pazia mahali pake. Kisha akasema, "Ukikosea, usirudi humu ndani." Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayekumbusha mlango ufungwe.

Ikabaki kufanya mazoezi. Sikudhani aliacha korosho kabisa, akawa analoweka kidole kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, anakisugua kwa jiwe la kusugulia miguu, anakipaka mafuta, anakifunga kwa uzi usiku kucha ili kipungue. Kidole hakikupungua, kilibadilika rangi. Alimwaga ulezi kwenye sinia, akawa anajaribu kugusa punje moja bila kugusa ya jirani. Kila akinyanyua kidole, punje tatu au nne zimemganda. Anazipangusa, anajaribu tena. Zimeganda tena. Alijaribu kwa ukucha, punje zikaruka. Akalia, akajifuta, akajaribu tena, na Bi. Somoe amesimama mlangoni anazihesabu zilizoganda. Kila punje iliyoganda Sikudhani aliiona ni Machumu, na hakujua ni punje ipi.

Akaenda Kliniki ya Vidole. Bingwa wa kliniki, kijana mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, alikipima kile kidole kwa kifaa cha chuma, akakunja uso.

"Mama, kidole chako kimezidi sera."

"Sasa nifanyeje, daktari?"

"Kizuie."

"Nakizuia vipi? Daktari, mume wangu yuko kwenye hicho kitufe. Hamwezi kuvikuza vile vitufe kidogo? Kwa siku moja tu? Hata kwa muda wa mtu kugusa?"

Bingwa akavua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani. "Vitufe ni mambo ya suruali ya Baba," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi ni daktari wa vidole." Akamwandikia awe anafikiria vitu vyembamba asubuhi na jioni.

Alhamisi ikafika. Sikudhani alivaa khanga aliyopewa na Machumu, akaenda, na Bi. Somoe akimfuata hatua kadhaa nyuma kama mtu anayeelekea sehemu nyingine. Ukumbi ulikuwa umejaa. Nyuma yake katika foleni alisimama Mzee Chilumba, mtu mpole aliyekuja kuomba miwani, na ambaye mwaka uliotangulia aliomba miwani hiyo hiyo akapewa talaka. Yeye na mkewe bado wanakaa pamoja, lakini sasa ni kwa siri.

Mzee Chilumba alimwona anavyokisugua kidole kwenye khanga, akamwuliza, naye akamweleza yote.

"Nikuambie kitu, mwanangu," alisema mzee. "Mimi nimekosea sana, kwa hiyo nimejifunza. Kioo hakisikii unapoweka kidole. Kinasikia unapokitoa. Weka popote kwenye ule upindo. Usiogope. Ukishaweka, usikitoe. Kisogeze polepole, na sauti itakuambia uko juu ya nini. Ikisema unachotaka, ndipo uachie."

Sikudhani alimshika mzee yule mkono kwa mikono yake yote miwili. Kwa mara ya kwanza tangu kuku wafe alihisi kifua kimefunguka. Kumbe kulikuwa na njia. Kumbe ni suala la kusubiri neno tu. Akajipiga moyo konde, zamu yake ikafika, akasogea mpaka kwenye miguu ya Baba, akainama, akaviona vile vitufe viwili vimebanana, na kimoja na kingine vyote vinaingia chini ya kidole chake na nafasi inabaki. Akaweka kidole. Vikapotea vyote chini yake.

Akangoja.

"Kwa hisani ya Baba wa Mwanga," sauti ikaanza, "Mlezi wa Mvua, Mshindi wa Chaguzi Zilizopita na Zijazo, Fundi wa Amani: Asirudi."

Akakivuta kidole kushoto, unywele tu.

"Kwa hisani ya Baba wa Mwanga, Mlezi wa Mvua, Mshindi wa Chaguzi Zilizopita na Zijazo, Fundi wa Amani: Arudi."

Alikuwa karibu aachie. Mkono ulikwisha kuanza kunyanyuka. Ndipo alipong'amua. Sauti inachelewa. Inapomaliza sifa zote za Baba na kufika kwenye neno, neno hilo ni la pale kidole kilipokuwa mwanzo wa sifa, si la pale kilipo sasa. Na kidole hakitulii. Kinatetemeka, kina mapigo, kina moyo wa mtu ndani yake. Sauti ikaendelea kumthibitishia. Arudi. Asirudi. Asirudi. Arudi. Katikati ya neno na neno, Mlezi wa Mvua.

"Umesikia?" aliuliza mlinzi wa Kioo. "Achia, mama, watu wanangoja."

"Siachii."

"Huwezi kutoachia. Kuna foleni."

"Siachii, baba. Sijui niko wapi."

Adhuhuri ikapita. Na hapa ndipo tatizo la Sikudhani likawa la taifa. Kwa sababu ya umoja, vioo vyote vya nchi hiyo viliunganishwa vikawa Kioo kimoja, na kidole kimoja kikiwa juu yake, vidole vingine vyote vinangoja. Nchi ikasimama. Huko kaskazini waziri aliyekuwa akiomba gari jipya akabaki na dole gumba hewani. Mshahara wa jeshi ukakwama. Watu waliotakiwa kukamatwa siku hiyo walikaa barazani na vifurushi vyao, hakuna aliyekuja kuwachukua, mpaka wengine wakaanza kulalamika juu ya huduma.

Bwana Tegemeo akaja anahema. Baada yake akaja mkubwa wake, baada ya mkubwa wake akaja mkubwa wa mkubwa wake, na jua likiwa linaelekea kutua akaja Waziri wa Vidole mwenyewe, Mheshimiwa Lugome, na msafara, na kipaza sauti ambacho hakikuhitajika.

Mnaweza kuuliza, na mimi niliuliza, kwa nini wasiushike mkono wa mwanamke yule wakauvuta tu. Walinzi walikuwepo, wenye misuli. Lakini sheria ya Kioo iko wazi: anayenyanyua kidole ndiye aliyeamua. Angeuvuta mlinzi, mlinzi ndiye angeandikwa kwamba ameamua. Mlinzi akasogea nyuma. Bwana Tegemeo akaweka mikono mifukoni. Wakubwa wote wakasimama kwa mbali na yule mama kama watu waliozunguka mzinga wa nyuki, kila mmoja akimhimiza mwenzake kwa macho.

Fundi mmoja wa mitambo, mgeni kazini, alisema kwamba inawezekana kabisa kuipunguza picha kidogo, kwa dakika tu, vitufe vikue, mama aone anachogusa. Waziri akamwuliza angependa ipunguzwe sehemu gani ya Baba. Habari zaidi za fundi huyo sikuzipata.

Waziri akashika kipaza sauti. "Ndugu mwananchi," alisema, "Baba wa Mwanga anatambua kidole chako. Serikali inathamini kila kidole. Lakini kidole cha mtu mmoja hakiwezi kuwa juu ya vidole vya wote. Tunakuomba, kwa moyo wa uzalendo, ukinyanyue katika wakati na mahali utakapoona panafaa, mradi iwe sasa." Wakapiga makofi wale wenye kazi ya kupiga makofi.

Sikudhani hakugeuka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, bega linawaka, machozi na jasho vimechanganyika vinamwingia mdomoni. Hakuwa na ujasiri wowote, msije mkamwimba. Alikuwa anaogopa tu, kuogopa kwa mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake kwenye ukingo wa kisima. Midomo yake ilikuwa inasema jina la mumewe bila sauti, na kila mara ile sauti nyingine inamjibu. Arudi. Asirudi. Alifikiri: nikikaa hivi, bado hajaenda. Nikikaa hivi mpaka nife, bado hajaenda.

Bi. Somoe, aliyekuwa amekaa ukutani tangu asubuhi, akainuka. Alipita katikati ya wakubwa kama anapita sokoni, akafika nyuma ya mkwewe. Sikudhani alijua amekuja kumgombeza. Badala yake alihisi kiganja kikavu kimeingia chini ya kiwiko chake na kuushikilia mkono uliochoka.

"Pumzisha bega," alisema Bi. Somoe. "Mkono nimeushika mimi."

Waziri alikuwa amechoka. Viatu vilimbana, simu ya ikulu ilikuwa inaita kila wakati, na mtu aliyechoka husema mambo ambayo mtu aliyelala vizuri hayasemi. Alikiweka kipaza sauti chini, akasogea karibu na wanawake wale wawili, akainama, akasema kwa sauti ya wema kabisa:

"Mama, mbona unajitesa? Usiwe na wasiwasi wa kukosea. Popote utakapoachia ni sawa tu."

"Sawa vipi, mheshimiwa?"

"Yaani hakuna tofauti. Mumeo..." Alimtazama Bwana Tegemeo. Bwana Tegemeo alikuwa anakagua dari. "Mumeo hayupo tangu juma lililopita. Alijifia. Hakuna aliyeamua, nakuapia, ilitokea tu kwenye mahojiano. Sasa Kioo hakikubali mtu asirudi bila kuwepo aliyeamua. Ndiyo maana tukakuita. Wewe achia tu, kitu kiishe, na mwili utapewa leo leo ukazike."

Sikudhani alisikia kila neno, na kwa muda hakuna hata moja lililokuwa na maana. Kisha yote yakawa na maana kwa pamoja. Angeanguka, na kidole kingetoka, na mambo ya nchi hiyo yangeendelea vizuri kabisa, kama si ule mkono uliokuwa chini ya kiwiko. Ulimshika. Nyuma ya shingo yake alisikia pumzi ya mwanamke mzee ikitoka na kukatika, ikitoka na kukatika, kama ya mtu anayepanda mlima.

"Mheshimiwa," alisema Bi. Somoe baadaye, "akiachia, itasemwaje? Itasemwa nani kamuua mwanangu?"

"Haitasemwa kuua, bibi. Itasemwa familia imeridhia."

"Mke wake?"

"Familia. Ndiyo, kupitia mke."

"Na mwili nitapewa."

"Leo leo. Na sanda juu ya serikali."

Hakuna kitu Bi. Somoe alichokitaka duniani zaidi ya kumwosha mtoto wake na kumlaza. Yeyote aliyekuwa karibu aliliona hilo usoni pake. Akafumba macho, akayafumbua. Akauweka mdomo karibu na sikio la mkwewe.

"Usiachie, mwanangu," alisema.

Ile sauti ya Kioo ilikuwa inaendelea na Fundi wa Amani. Sikudhani aliisubiri imalize. Ilisema Arudi, na kusikia hivyo alitoa kilio kimoja kifupi, kisha akakaza mkono. Halafu aligeuza uso, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akawatazama wakubwa wote waliojaa ukumbini.

"Nitaachia," alisema. "Sina haja na Kioo chenu. Nitaachia mara moja. Mmoja wenu aseme nani aliamua."

Waziri akamtazama katibu wake. Katibu akamtazama mkubwa wa mkubwa wa Bwana Tegemeo, yeye akamtazama aliye chini yake, naye akamtazama Bwana Tegemeo, na Bwana Tegemeo akamtazama mlinzi. Mlinzi hakuwa na wa kumtazama. Alitazama viatu vyake.

Katika foleni, Mzee Chilumba alikuwa wa kwanza kukaa chini. Wengine wakafuata mmoja mmoja, wakanyoosha miguu, kama watu waliofika matangani. Mtu akatoa khanga akaitandika. Mtu akauliza marehemu ana watoto wangapi. Hakuna aliyemwambia Sikudhani awahishe.

Nami ningependa kuwamalizia habari hii vizuri, nyote mkalale. Lakini kidole kiko pale, na mkono wa mama mkwe uko chini yake, wanapokezana kunywa uji kwa mkono mmoja. Ukifika nchi hiyo ukakuta Kioo hakipokei kidole chako, foleni imekaa chini, na ukumbi umejaa maofisa walioinamisha vichwa, usidhani mtambo umeharibika. Wanangoja mtu mmoja tu kati yao aseme: ni mimi.